Kadi ya Mashine ya Masikio

"Sisaini," fundi alisema, na kalamu aliyosogezewa akaisogeza kulekule ilikotoka.

Afisa wa vifaa aliidaka kabla haijaporomoka ukingoni mwa meza. Alikuwa kijana wa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama, na shingoni alining'iniza kitambulisho cha makao makuu. Mbele yake kulikuwa na fomu ya kurasa mbili, orodha ya vifaa vya karakana ya hospitali vilivyotakiwa kuondolewa na kuteketezwa. Kuanzia namba moja hadi kumi na saba hapakuwa na ubishi: printa zilizokufa, skrini zilizopasuka, betri zilizovimba kama mashavu ya mtoto aliyenuna. Ugomvi ulikuwa namba kumi na nane. Hapo paliandikwa mashine ya kupimia usikivu, pamoja na kompyuta mpakato zote zilizozidi miaka kumi.

"Lori linafika saa kumi," afisa alisema. "Mama, tusipotezeane muda."

"Mama yupi? Hapa kazini mimi ni fundi. Nyumbani ndiko uniite mama mkubwa."

Afisa aligeuka kutazama mlango kana kwamba mtu angesikia. Hakuwa amemwambia yeyote makao makuu kwamba fundi wa hospitali hii ni dada wa marehemu mama yake, wala kwamba tangu ana miaka saba hadi anaondoka kwenda chuo alilala kwenye chumba cha nyuma cha nyumba yake. Alipopangiwa kuja hapa alifikiri itakuwa kazi ya asubuhi moja. Angefika, angesalimia, angepata saini, angeondoka.

"Haya, Fundi," alisema. "Kitaalamu, mashine hii imekwisha. Haipatani na kompyuta yoyote mpya. Siyo mimi niliyesema, ni waraka."

"Waraka umewahi kuishika?"

Hakuna aliyempa cheo cha fundi kwa maandishi. Miaka thelathini na mmoja iliyopita aliajiriwa kufagia, na karakana ilikuwa chumba chake cha mwisho kila siku. Fundi aliyekuwepo wakati huo, mzee wa maneno machache, alizoea kumwomba amshikie tochi. Kutoka tochi akafika kwenye skrubu, kutoka skrubu akafika kwenye lehemu. Mzee alipostaafu hakuletwa mwingine, na wauguzi waliendelea kuleta vilivyoharibika kama kawaida, wakaendelea kuvikuta vimepona. Kwenye jalada lake paliandikwa "msaidizi wa karakana". Hospitali nzima ilimwita Mama Bisibisi.

Mashine yenyewe ilikuwa sanduku la kijivu, ukubwa wa redio ya mezani, na hedifoni nzito zenye kisikio chekundu kulia na cha buluu kushoto. Peke yake sanduku lilikuwa bubu. Liliunganishwa kwa waya mnene na kadi ya nyongeza, kipande bapa cha chuma kinachochomekwa kwenye tundu la ubavuni mwa kompyuta mpakato, na kadi hiyo ndiyo iliyobeba amri zote: toa mlio huu, kwenye sikio hili, kwa nguvu hii. Kompyuta iliyoishi na kadi hiyo kwa miaka kumi na minne iliungua Jumatatu, umeme uliporudi kwa kishindo. Zile mpya zilizoletwa na makao makuu zilikuwa nyembamba, nyepesi, zinang'aa, na ubavuni hazikuwa na tundu la kadi hata la kusingizia.

"Mashine za kisasa zitakuja robo ijayo ya mwaka," afisa alisema.

"Ya mwaka upi?"

Afisa alifunua ukurasa wa pili wa fomu.

Nje, kwenye benchi la korido, mwanamume na mkewe walikuwa wamekaa tangu milango ya hospitali ilipofunguliwa. Mwanamume alikuwa msagaji. Miaka ishirini na miwili alisimama kando ya mashine ya kusaga nafaka kiwandani, na vumbi la unga lilikuwa limekwisha kumkaa kwenye mistari ya shingo, halitoki kwa sabuni. Mwezi uliopita msimamizi alimpigia kelele asimamishe mashine. Hakuisimamisha. Mkanda ukakatika, magunia yakamwagika, naye akaachishwa kazi siku hiyohiyo.

Fundi alikuwa amezungumza nao mapema, alipokuwa akipita na ndoo. Mwanamume alimpa barua ya kiwanda aisome mwenyewe, maana kuzungumza na watu kulikuwa kunamshinda siku hizi. Barua ilisema hana tatizo lolote la masikio, ana tatizo la nidhamu. Kesho saa mbili asubuhi baraza la kazi lingesikiliza shauri lake, naye alitakiwa kufika na cheti cha kipimo au akubali kwamba alikuwa mkaidi. Mahali pengine palipokuwa na mashine ya namna hii ni safari ya siku nzima, na miadi yake miezi mitatu.

"Mimi mwenyewe nilimnunia mwaka mzima," mkewe alikuwa amesema. "Namwita, kimya. Namuuliza chumvi, ananijibu habari za mvua. Nikasema huyu bwana amenichoka. Kumbe hanisikii, maskini."

"Mvua?" msagaji aliuliza, akatazama dirishani.

Sasa fundi aliinuka, akafungua kabati la chuma, akatoa kompyuta tatu za zamani alizokuwa amezihifadhi zikiwa zimefungwa kwa vitambaa. Zote zilikuwa kwenye orodha.

"Unafanya nini?" afisa aliuliza.

"Kazi. Una mpaka saa kumi, mimi pia nina mpaka saa kumi."

"Na ukishindwa?"

"Nikishindwa lori litabeba. Lakini saini yangu hutaipata, hata unikalishe hapa mpaka nistaafu."

Afisa alivuta kiti, akaanza kuhesabu printa mbovu kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika.

Kompyuta ya kwanza ilimkataa mapema. Ilikuwa na tundu, ndiyo, lakini la aina iliyokuja baadaye, jembamba. Kadi ilifika mlangoni ikagota. Aliirudisha kwenye kitambaa bila kuilaumu. Ya pili ilipokea kadi vizuri kabisa, kwa mlio mdogo wa kubofya unaomfurahisha fundi yeyote, halafu basi. Taa ya kadi haikuwaka. Fundi alimulika ndani ya tundu kwa tochi, jicho moja limefumbwa. Kulikuwa na safu mbili za sindano, nyembamba kama nywele. Mbili zilikuwa zimelala, na moja haikuwepo kabisa. Zilizolala aliziinua kwa ncha ya sindano ya kushonea, akibana pumzi kila alipozigusa. Iliyovunjika hakuwa na la kuifanya.

"Nimekwambia," afisa alisema nyuma yake. Hakuwa akihesabu tena. "Hazipatani. Hiyo siyo aibu, Fundi. Teknolojia imesonga."

"Imesonga ikamwacha nani?"

"Mama mkubwa." Alishusha sauti. "Usiniaibishe. Nina miezi minne tu kwenye cheo hiki. Nikirudi bila saini wataniuliza nilikuwa nafanya nini huku."

Fundi alimgeukia. Alimwona kama alivyokuwa, na alimwona pia akiwa na miaka tisa, amekaa sakafuni na saa ya mezani aliyoifungua, machozi yamemjaa kwa sababu haikurudi ilivyokuwa. Alitaka kusema neno laini. Halikumtoka.

"Waambie ulikuwa unanisubiri," alisema. "Si uongo."

Ya tatu ilikuwa nzito kuliko zote, kifuniko chake kimechubuka pembe zote nne. Ilipokea kadi. Taa ndogo ya kijani ikawaka. Fundi hakutabasamu, alikwisha kuwa mtu mzima kwenye kazi hii. Aliweka ile programu ya kuiongoza kadi kutoka kwenye sidii aliyoitunza ndani ya daftari, akavaa hedifoni, akabonyeza. Mlio ulikuja, mwembamba na safi. Wa pili ukaja. Katikati ya wa tatu sauti ilikwaruza, kishale cha skrini kikaganda, na kompyuta nzima ikafa ganzi.

Aliizima, akaiwasha. Mlio wa kwanza, wa pili, wa tatu, ganzi. Akahamisha hedifoni. Akabadilisha waya. Akaondoa programu na kuiweka upya. Kila mara ilikwenda hatua zilezile na kufia palepale, kama mtu anayejikwaa kwenye kizingiti kimoja kila siku.

Mpima masikio, mwanamke mrefu aliyekuwa akitumia mashine hiyo tangu ilipofika, alichungulia mlangoni. "Wale wa kwenye benchi niwaambie nini? Saa nane hii."

"Waambie wapate chakula. Wasiondoke."

Fundi alikaa, mikono mapajani, akaitazama mashine bila kuigusa. Afisa alifikiri amekubali yaishe, akaanza kuitafuta kalamu. Lakini fundi alikuwa akijiuliza swali moja tu. Kama kadi ilikuwa mbovu, ingekataa tangu mwanzo. Kama tundu lilikuwa bovu, taa isingewaka. Kitu kinachoanza vizuri halafu kikafia njiani hakikukosa nguvu. Kuna mwenzake anakivuta shati.

Alifungua orodha ya vifaa vya ndani ya kompyuta. Kila kifaa hupewa namba yake ya kuita, ili kikiwa na jambo kiite na kijibiwe. Alishuka na kidole mstari kwa mstari. Kwenye namba kumi na moja palikuwa na kadi ya masikio. Mstari uliofuata, namba kumi na moja tena: modemu, ile ya kuingilia mtandao kwa waya wa simu ya mezani.

"Njoo uone," alisema.

Afisa alikuja, akainama. Akasoma mara mbili. "Zinagombania laini moja," alisema polepole.

"Hii inaita, na hii inaita, prosesa, ubongo wa kompyuta, haijui imjibu nani. Mwisho inanyamaza."

"Kwani nani anatumia modemu siku hizi?"

"Hakuna. Lakini haijui kwamba haitumiki, iko palepale inapiga makelele." Alizima modemu hiyo kwenye orodha, akawasha upya. Namba ilibaki kumi na moja, na mlio wa tatu ukaganda kama kawaida.

"Huko siko," afisa alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika, mwenyewe asitambue. "Inazimwa kwenye mipangilio ya ndani, ule ukurasa wa buluu kabla mashine haijaamka." Alibonyeza kitufe mwenyewe. Ukurasa wa buluu haukuja. Kikaja kisanduku kinachodai nenosiri. Alijaribu matatu, kompyuta ikalia na kujizima. "Imefungwa. Aliyeifunga atakuwa alistaafu zamani. Basi tena, Fundi. Bila nenosiri hakuna mlango."

"Mlango umefungwa," fundi alisema, akaigeuza kompyuta kifudifudi. "Tumbo halina nenosiri."

Alitoa betri. Akafungua skrubu kumi na moja, akizipanga juu ya karatasi kwa mpangilio ule ule zilivyokaa, fupi na ndefu. Akanyanyua kibao cha vitufe kwa ukucha, taratibu, mpaka utepe wake ukaonekana. Chini yake, pembeni, karibu na tundu la waya wa simu, modemu ilikuwa imejibanza, kijibao cha kijani kisichozidi stempu mbili, kimeshikwa kwa skrubu mbili ndogo. Skrubu ya kwanza ilitoka. Ya pili ilikuwa imelika kichwa. Bisibisi ilizunguka bure, ikateleza, ikakwaruza ubao wa kando.

"Ukigusa hapo umeua bodi kuu," afisa alisema.

"Najua ninapogusa."

Alikata kipande cha mpira wa glavu, akakiweka juu ya kichwa cha skrubu, akakandamiza bisibisi kwa uzito wa bega lake lote. Mishipa ya mkono ilimsimama. Kitu kikaachia. Alizungusha robo, akazungusha tena, kisha akainua modemu kwa vidole viwili na kuiweka mezani, mbele ya fomu.

"Hii hapa unaweza kuiandika," alisema. "Ondoa, teketeza. Hiyo nakusainia."

Afisa alicheka kabla hajajizuia.

Kompyuta ilipofungwa na kuwashwa, skrini ilikaa nyeusi muda mrefu mno. Kisha ikaamka, na kadi ikawaka. Mlio wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Hakuvua hedifoni. Aliiacha ipige mfululizo robo saa nzima, masikio yote mawili, nguvu zote, akihesabu kwa vidole. Haikuganda.

Ilikuwa saa tisa na dakika kumi walipoibeba kwenda chumba cha kupimia. Mpima masikio aliitazama kompyuta ile iliyochubuka, akatikisa kichwa.

"Simpimi mtu bado. Wakili wa kiwanda atauliza nimejuaje mashine inasema kweli. Nahitaji masikio mazima kwanza, nilinganishe na rekodi zangu. Mimi nina mafua."

"Yangu yana miaka hamsini na saba," fundi alisema. "Siyaamini."

"Nipimeni mimi!" mke wa msagaji alisema kutoka mlangoni. "Mimi nasikia hata ninavyosengenywa nyumba ya tatu."

"Wewe una maslahi, mama," mpima alisema, na wote wakamgeukia afisa.

"Mimi niko kazini," afisa alisema.

"Sote tuko kazini," fundi akamjibu.

Afisa aliingia kwenye kijichumba chenye kuta za sifongo na kioo kimoja, akavaa hedifoni, akaambiwa ainue kidole kila asikiapo mlio, hata uwe mdogo namna gani. Kila mlio ulipotumwa, taa ndogo iliwaka upande wa mpima. Taa iliwaka, kidole kikainuka. Mpima akapunguza nguvu, kidole kikainuka. Akapunguza mpaka mwisho kabisa wa kipimo, pale ambapo wengi huanza kubahatisha, na kidole bado kikainuka. Alilinganisha na rekodi zake za zamani, mstari kwa mstari.

"Inasema kweli," alisema.

Kisha msagaji akaingia. Mkewe alimvua kofia. Alikaa wima kama mtu anayepigwa picha, kidole cha shahada tayari juu ya goti.

Afisa hakuondoka. Alisimama kwenye kioo, nyuma ya bega la mpima, ambako taa ilionekana. Ilikuwa milio ileile aliyoisikia yeye dakika chache zilizopita. Taa iliwaka. Kidole hakikuinuka. Mpima akaongeza. Taa, kimya. Akaongeza tena. Msagaji alikuwa amekaza macho ukutani, akisubiri kwa bidii, na kidole kilikuwa kimetulia kabisa juu ya goti. Mlio ulipofika kiasi ambacho wao walio nje waliusikia ukipenya kwenye kioo, ndipo kidole kikainuka, kwa wasiwasi, nusu, kama cha mwanafunzi asiye na uhakika wa jibu.

"Mungu wangu," afisa alisema. "Na walisema alipuuza."

Fundi alikuwa ameweka mkono wake mmoja kwenye ubavu wa kompyuta, akiisikiliza kwa kiganja.

Karatasi ilitoka ikiwa na mistari miwili, mwekundu na wa buluu, yote ikianza juu kidogo na kuporomoka kuelekea kulia. Mpima aligonga muhuri, akaandika chini yake kwa mkono kwamba upotevu wa namna hii ni wa kelele za miaka mingi. Msagaji aliisoma mwenyewe. Alipofika mwisho aliirudia. Halafu akamtazama mkewe, akasema kwa ile sauti yake ya juu isiyojipima, "Kesho naanza kuongea mimi. Wao watanisikiliza."

"Wakusikilize mpaka wachoke," mkewe akasema, akimwelekea uso kwa uso ili asome midomo.

Walipotoka, lori lilikuwa limekwisha kuegeshwa uani, nyuma yake wazi. Wapagazi wawili walipakia printa na skrini na betri. Fundi alirudi karakana na kompyuta ile kifuani, akaiweka mezani, akaketi mbele yake. Afisa alisimama upande wa pili na fomu.

"Waraka haujabadilika," alisema.

"Wala mimi."

"Nitalazimika kuandika kwamba umekataa."

"Andika. Andika kwa herufi kubwa, wasije wakadhani nilisahau."

"Watakuita makao makuu."

"Wakiniita nitakwenda. Nitavaa viatu vyangu vizuri na nitakwenda, na hiyo mashine nitaibeba, niwapime mmoja mmoja."

Afisa aliikunja fomu mara mbili, akaikunjua. Halafu akatoka, na fundi akasikia hatua zake koridoni, kisha kwenye kokoto za uani, kisha hakuzisikia tena.

Dirisha la karakana lilikuwa limefungwa kwa ajili ya vumbi. Kupitia kioo alimwona akimfikia dereva, akimwonyesha fomu, akiweka kidole karibu na mwisho wa ukurasa, penye namba kumi na nane. Dereva alitikisa kichwa. Kijana alisema kitu, akanyoosha mkono kuelekea hospitali. Dereva naye akasema kitu, akaonyesha saa. Kijana hakurudi nyuma. Alikuwa amekunja mikono ya lile shati jeupe mpaka kwenye viwiko, na midomo yake ilikwenda kwa kasi, ikasimama, ikaanza upya.

Fundi hakulifungua dirisha. Alikaa na kiganja juu ya kifuniko kilichochubuka, ambacho bado kilikuwa cha moto, akaitazama ile midomo.